Goti Lenye Bandeji

Tulimwacha Umeme ameshika kitasa, mlango nusu wazi, macho yamemtoka. Nje amesimama mtu ambaye Umeme ameapa mara nyingi, tena mbele za watu, kwamba siku akikanyaga kizingiti chake damu itamwagika.

Msisubiri damu. Umeme ni hodari wa kuapa, lakini kutekeleza ni kazi, na kazi hajaizoea.

"Hodi tena," alisema Kisiki. "Nimebisha mara ya kwanza mkanyamaza."

"Umepotea njia?"

"Sijapotea. Ningepotea ningefika pazuri."

Kwa wewe uliyeazima gazeti kwa jirani na leo ndiyo mara yako ya kwanza, Kisiki ni yule beki aliyemvunja Umeme goti la kushoto siku ya fainali, miaka sita iliyopita. Goti lililia, waliokaa mbele wakalisikia, na mshambuliaji wetu mpendwa hajapiga mpira tena mpaka leo. Siku hiyo goti lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe, hata mtu aliyekaa mwisho wa jukwaa aliiona. Basi watu wakajitungia hadithi yao: maskini kijana wa watu, anacheza na goti moja bovu kwa mapenzi ya klabu, na yule mnyama akaona amalizie na lile zima.

Tangu hapo Umeme hajanunua soda kwa pesa yake. Anakata utepe wa kila duka jipya, anahutubia mashuleni kuhusu msamaha, na akipanda jukwaani huchechemea zaidi ya anavyochechemea akienda chooni. Kisiki naye hajapanga nyumba bila kuulizwa na mwenye nyumba, "Hivi si ndiye wewe?"

Umeme alitaka kufunga mlango. Sauti ikatoka ndani.

"Mgeni hasimamishwi mlangoni, mkwe wangu. Hata kama ni mchawi, anakaribishwa kwanza."

Huyo ni mama mkwe. Alikuja kumsaidia binti yake kwa wiki moja, yapata miaka mitatu sasa. Alikuwa kwenye kochi ambalo bado lina nailoni liliyonunuliwa nayo, anashona kifungo. Juu ya kichwa chake kulikuwa na magongo mawili ya kutembelea, yametundikwa ukutani yakipishana, na chini ya magongo picha kubwa ya Umeme akilia uwanjani. Picha inaishia kiunoni. Umeme mwenyewe alimwambia mtengeneza fremu akate hapo.

"Shikamoo mama," alisema Kisiki.

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Kwenye televisheni ulikuwa mrefu."

Kisiki akaketi pembeni mwa kochi, mtu mzima mwenye kitambi cha kuanza, shati limepigwa pasi mpaka limeng'aa. Siku hizi anafundisha udereva. Hata pale kochini mguu wake wa kulia ulikuwa unabonyezabonyeza sakafu kutafuta breki. Umeme aliutazama mguu huo kwa dharau, akafurahi. Hakuna kinachompa raha kama kuona maisha yamemkunja mwenzake.

"Sema haraka," alisema, bado amesimama. "Mchana nina shughuli."

"Shughuli yenyewe si ndiyo mimi?"

Ni kweli. Mchana ule klabu ilikuwa imeandaa mechi ya heshima kwa Umeme. Mapumzikoni Kisiki angeingia katikati ya uwanja, apige magoti mbele ya umati, aombe radhi. Mke wa Umeme angempa maua. Watu wangelia. Halafu mwenyekiti wa klabu angemtangaza Umeme kuwa meneja mpya wa timu, na Umeme alikuwa ameshashona suti.

"Binti yangu anacheza mpira," alisema Kisiki. "Beki, kama baba yake. Ana kipaji kunishinda. Lakini kila akigusa mpira jukwaa linaimba, 'Vunja! Vunja!' Mwezi uliopita amevua viatu, ameviweka juu ya kabati, hataki hata kuvitazama. Mwenyekiti wenu ameniahidi nikipiga magoti, binti atasajiliwa timu ya wanawake ya klabu. Basi nitapiga. Magoti yangu bado yanakunjika."

Lile la magoti lilimchoma Umeme. "Kwa hiyo umekuja kufanya mazoezi hapa kwangu?"

"Nimekuja kuuliza swali moja. Siku ile, lililokuwa linauma ni goti lipi?"

Sindano ya mama mkwe ikasimama katikati ya kifungo. Mlangoni mwa jikoni alikuwa ametokea mke wa Umeme, taulo begani.

"Swali la kijinga," alisema Umeme. "Dunia nzima iliona bandeji."

"Na mimi niliiona. Ndiyo maana nauliza. Niliiona nikasema, huyu mwenzangu anaumwa kulia, ana watoto huyu, nisije nikammaliza. Mpira ulikuwa kulia, bwana. Njia fupi ilikuwa kulia. Nikazunguka nikakuingilia kushoto ili nisiliguse lenye bandeji. Nilikugusa kidogo tu, hata refa hakupuliza mara moja. Na goti likakatika kama kijiti. Nimecheza mpira tangu nikiwa mdogo, goti zima halivunjiki hivyo." Akapangusa jasho shingoni. "Ningekuwa mbaya kama mnavyosema, ningepiga penye bandeji. Ungekuwa unacheza mpaka leo."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili wachezaji hawawaambii mashabiki. Kuna ujanja mchafu wa zamani chumbani mwa kubadilishia nguo: mchezaji akiwa na goti bovu, hulifunga lile zima. Mabeki wabaya wakiona bandeji hupiga hapo, wanapoteza nguvu zao kwenye goti lisilo na neno, na bovu linapona kwa kuachwa wazi. Ni ujanja mzuri sana, ila una kasoro moja. Unadhani kila beki ni mbaya.

Goti la Umeme lililokuwa bovu lilikuwa la kushoto. Daktari alikuwa amemwambia lisiguse nyasi kwa mwezi mzima. Meneja wa timu wa wakati ule akasema upuuzi, fainali haisubiri mwezi, chomeni sindano, fungeni zima, aingie. Umeme angeweza kukataa. Lakini kulikuwa na mawakala wa timu za ng'ambo jukwaani siku ile, na Umeme alikuwa ameshaanza kujifunza kuagana kwa lugha yao.

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu akiwa bado chini kwenye majani. Miaka sita amemwacha mwenzake atukanwe na watoto wa shule, na jioni akala akashiba.

Kuna jambo moja kuhusu Umeme ambalo yeye mwenyewe halijui. Akiingiwa na hofu, mkono wake wa kushoto huteremka wenyewe kushika goti la kushoto na kulisugua. Ulikuwa unasugua sasa. Mke wake alikuwa anautazama.

"Baba watoto," alisema mke, "mjibu mgeni."

"Mgeni gani? Huyu ni mwalimu wa udereva." Umeme akafungua mlango mpaka mwisho. "Mchana utapiga magoti, utasema samahani, utapewa maua yako. Hilo la bandeji ukilitaja hata kwa paka, binti yako atachezea mpira uani kwenu, na kipa awe mama yake."

Kisiki akainuka taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi Umeme zaidi.

"Nilitaka nipige magoti kwa mtu," alisema. "Sasa sijui nitapigia nini. Shemeji, tutaonana. Mama, kwaheri."

"Nenda salama, baba," alisema mama mkwe.

Mlango ulipofungwa, mama mkwe akanyanyua macho kwenye picha ukutani, akaitazama kwa muda, kisha akaurudia uzi wake.

"Ndiyo maana inaishia kiunoni," alisema. "Mimi nilidhani fremu zilikuwa ghali."

*

Chini ya jukwaa kuu kuna chumba kile kile cha kubadilishia nguo, rangi mpya, harufu ile ile ya dawa ya kuchua na soksi. Umeme alikuta anasubiriwa na mwenyekiti, mtu mnene wa kuuza saruji ambaye humkumbatia kila mtu na kujifuta mikono baadaye. Kando ya mwenyekiti kulikuwa na kiti cha magurudumu.

"Cha nani?" aliuliza Umeme.

"Chako, mwanangu."

"Mwenyekiti, mimi natembea. Nimekuja hapa nikiendesha gari."

"Najua. Lakini televisheni haijui, imeambiwa goti limekurudi upya." Akakipapasa kiti. "Mtu akiomba radhi kwa mtu aliyesimama, huo ni mkutano wa kawaida. Akiomba kwa mtu wa kwenye kiti, wafadhili wanalia. Wafadhili wakilia mimi napata timu, wewe unapata umeneja. Au nimtafute mwingine? Yule kipa wa zamani ana jicho moja, naye amekaa tu nyumbani."

Hapa, msomaji, mtu mwenye haya angeondoka. Umeme alikaa. Akajiweka sawa, akajaribu gurudumu moja, akauliza kama kiti kinaweza kupata mto.

Mwenyekiti, kama hamkumbuki, ndiye aliyekuwa meneja wa timu siku ya fainali. Klabu zetu zina tabia ya kupandisha cheo kila kitu kinachooza.

"Bandeji," alisema mwenyekiti. "Nyeupe, pana, ionekane. Mchua!"

Mchua misuli wa timu akaja na boksi lake. Mzee huyu amefunga magoti ya vizazi vitatu vya wachezaji, na akifunga hutazama pembeni, maana mikono inajua. Wakati huo huo redio ilikuwa imempigia Umeme simu, hewani, wanataka neno lake kwa vijana kabla ya tukio.

"Vijana wangu," Umeme alikuwa anasema simuni, amefumba macho, "kinyongo ni mzigo. Mimi huyu bwana nilishamsamehe siku ile ile, hata kabla sijafika hospitali."

Mchua alipiga goti, akatazama pembeni, akafunga. Umeme alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mapenzi ya Mungu. Hakutazama chini.

Mikono ya Mchua ilijua kazi moja kwa Umeme, na ndiyo iliyofanya. Ilifunga goti la kulia.

*

Mapumziko. Uwanja umejaa mpaka kwenye ngazi. Kiti kilipotokea kwenye geti kikisukumwa na Mchua, umati ulisimama, na wapo wanawake walioshika vichwa. Umeme alipunga mkono kwa unyonge aliouzoea. Suti ya umeneja ilikuwa inamsubiri kwenye gari. Kwa sasa alivaa jezi na bukta, magoti nje.

Katikati ya uwanja alisimama mkewe na shada la maua ya plastiki. Mwenyekiti alikuwa pembeni yake na mshereheshaji mwenye kipaza sauti na viatu vyeupe. Kisiki akaingia kutoka upande wa pili peke yake. Jukwaa lisilo na paa likaanza kazi yake.

"Vunja! Vunja! Vunja!"

Kando ya mstari alikuwa amesimama msichana mrefu, mikono nyuma, anamtazama baba yake akipita katikati ya wimbo ule. Hakulia. Alikuwa ameuzoea, na hilo ni baya kuliko kulia.

Kisiki akafika, akakunja miguu, akapiga magoti. Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti mdomoni, karibu kabisa, ili hata kumeza mate kusikike.

Kisiki aliinua uso aanze kusema maneno aliyofundishwa. Macho yake yakakutana na bandeji. Akalitazama goti la kulia. Akalitazama la kushoto, lililo wazi, lenye kovu refu la upasuaji. Akarudi la kulia.

"Bwana wee," alisema, na spika zote za uwanja zikasema naye, "leo tena umefunga zima?"

Wimbo ukakatika. Umeme alitazama mapaja yake kwa mara ya kwanza tangu akae kwenye kile kiti, na damu ikamkimbia usoni. Nyuma yake alisikia Mchua akinong'ona, "Yesu na Maria."

"Anatania," mshereheshaji alicheka, lakini kicheko hakikupata wenzake. Watu waliokaa mbele walikuwa wananyooshana vidole, goti lipi, lile lenye kovu liko wazi, sasa bandeji ya nini?

Mwenyekiti akainama sikioni mwa Umeme. "Sema kitu. Umeneja wako uko hapo mdomoni."

Umeme akanyakua kipaza sauti. Mara nyingi amesema uongo huu kwa upole. Safari hii aliusema kwa hasira, na hasira ikamfanya ausikie mwenyewe.

"Siku ile lililokuwa linauma ni hili la kulia. Hili hapa. Nilikuja uwanjani na goti moja tu zima, na huyu akalifuata lile zima akalivunja. Mliona wote. Mlikuwepo. Leo amekuja kunidhihaki kwenye kiti changu."

Uwanja ulinguruma. Kisiki, bado amepiga magoti, alimtafuta binti yake kwa macho, kule kando ya mstari, kama anayemwomba radhi yeye.

Umeme akavuta pumzi. Limepita. Alijua kunguruma kule, ni kwa kumtetea yeye, kumemlisha miaka sita. Akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti, na mshereheshaji, mtu wa ratiba, akatazama kinachofuata.

"Na sasa, neno la mke wa shujaa wetu, pamoja na maua."

Mkewe alipokea kipaza sauti. Shada akamwekea Kisiki magotini bila sherehe, akamshika kiwiko, akamwinua.

"Simama, shemeji. Nyasi zimelowa."

Halafu akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Baba watoto, mimi sijui mpira. Nataka kuuliza jambo la nyumbani. Usiku wa kuamkia fainali ulikuja unachechemea, ukaniomba maji ya moto na chumvi. Nikakukanda mpaka taulo likapoa, wewe unauma mto usipige kelele watoto wasisikie. Nilikukanda mguu gani?"

"Mama watoto, siyo hapa."

"Miaka sita nakuuliza kwa macho, unageukia ukuta. Leo nauliza kwa mdomo. Mguu gani?"

Umeme alifungua kinywa kusema wa kulia. Neno lilikuwa tayari, limeshaiva, limezoea njia. Mwenyekiti alikuwa anaitikia kwa kichwa kumtia moyo. Televisheni ilikuwa imesogea mpaka anaona uso wake mdogo kwenye kioo cha kamera.

"Wa ku..." alisema.

Na mkono wake wa kushoto ukateremka. Polepole, mbele ya maelfu ya watu, ukapita juu ya mkono wa kiti, ukalishika goti la kushoto, ukaanza kulisugua.

Mkewe aliutazama ule mkono, akauonyesha kwa kidevu, kisha akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti chake.

"Ahsante," alisema. "Huo haujawahi kunidanganya."

Umeme alitazama chini akauona mkono wake. Aliuondoa kama aliyeshika sufuria la moto. Alikuwa amechelewa, na safari hii alijua.

Akageuka kumtafuta mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anatembea kuelekea geti kwa hatua za mtu mnene anayejizuia kukimbia, anaongea na simu ambayo haikuwa imeita. Akamtafuta mkewe. Mkewe alikuwa anakwenda na Kisiki kando ya mstari, kwa yule msichana mrefu, na katikati ya ngazi za jukwaa kuu mama mkwe alikuwa ameanza kuteremka, mkoba kwapani.

Ndipo jukwaa lisilo na paa lilipoanza tena. Kwanza sauti moja, ya mlevi, kisha safu, kisha jukwaa zima.

"Vunja! Vunja! Vunja!"

Ulikuwa wimbo ule ule, kwa vinywa vile vile, na kwa mara ya kwanza haukuwa wa Kisiki.

"Nisukume," alisema Umeme. "Mchua, nitoe hapa haraka."

Kiti hakikusogea. Aligeuza shingo. Mzee alikuwa ameshaviacha vishikio. Alikuwa mbali, anakwenda zake na boksi lake, anaitazama mikono yake.

Chupa ya maji ikaanguka kwenye nyasi karibu na gurudumu, na nyingine. Umeme akajaribu kusukuma kiti mwenyewe, lakini magurudumu yalikuwa yamezama kwenye nyasi laini, nayo ni nyasi alizozijua kuliko zulia la nyumbani kwake. Geti lilikuwa kule, nusu ya uwanja. Njia ya kufika ilikuwa moja, ainuke kwenye kiti na aende kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu wote waliolia kwa sababu hawezi kutembea.

Chupa ya tatu ilimpata begani. Umeme akashika mikono ya kiti, na kamera ikasogea karibu zaidi.